Sekunde 92 zisizo na sauti

Kuna kipande cha picha nimekitazama mara nyingi kuliko video ya harusi yangu mwenyewe. Ni cheusi na cheupe, kimefifia, na hakina sauti hata chembe. Urefu wake ni sekunde 92. Ndani yake wamo Beatles, studio za BBC mjini London, Alhamisi ya tarehe 16 Juni 1966, kwenye Top of the Pops, kipindi cha nyimbo za chati. Midomo inakwenda, magitaa yanapigwa, na wewe mtazamaji umekaa kama mtu aliyezibwa masikio kwa pamba.

Hiyo ndiyo siku pekee bendi hiyo ilipofika studio na kuonekana moja kwa moja hewani kwenye kipindi hicho. Siku nyingine walionekana kwa filamu au vipande vilivyorekodiwa kabla. Kisha kanda ikafutwa. Kilichobaki kimetoka kwa mtu aliyekuwa nyumbani kwake, akaielekeza kamera ndogo ya filamu ya milimita 8 kwenye kioo cha televisheni. Kamera zile hazikunasa sauti. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo watu wakajua kuwa kipande hicho kipo. Kuna na kingine, cha sekunde 11, kilichoibukia kwa mkusanyaji mmoja wa Mexico. Vijumlishe vyote, hupati hata dakika mbili.

Na hapa kuna kichekesho. Siku ile Beatles walipiga pleibeki. Walikuwa hewani kweli, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya santuri. Kwa hiyo sauti tunayoililia haikupotea popote, iko kila duka la muziki duniani. Kilichokufa ni picha tu: jasho, macho, mtu kumtazama mwenzake na kucheka katikati ya wimbo.

Haya mambo nayatazama kwa jicho la kazi. Nimepiga video za harusi Tanga tangu enzi za VHS, wakati kamera ilikaa begani kama mzigo wa muhogo na taa yake ikawatoa wazee jasho. Kanda ilikuwa fedha. Ukishahariri ukamkabidhi bwana harusi nakala yake, masta inabaki kwako, na masta ni kanda nzima ambayo Jumamosi inayofuata inaweza kurudi kazini. Tulikuwa tunarekodi juu. Si mimi peke yangu, wote tuliokuwa kwenye shughuli hiyo.

Siku moja akaja binti dukani. Nakala ya harusi ya wazazi wake ilikuwa imeliwa na ukungu, maana huku pwani kanda ikikaa kabatini masika mawili inaota manyoya meupe. Alitaka masta. Kwenye ile harusi bibi yake alisimama akaimba, na bibi alikuwa ameshafariki. Nikaingia nyuma, nikaipata kanda, nikaitia kwenye deki. Nikakuta mahafali ya shule. Nikapeleka mbele. Mahafali yakaisha, na nyuma yake zikachomoza kama dakika mbili za ile harusi, watu wakikusanya viti. Bibi hakuwamo. Nilimwambia binti kwamba kanda imeharibika. Nani aliyeiharibu, sikumwambia.

Basi watu wakianza kuwaita BBC wahuni kwa sababu walifuta miaka ya 60 karibu yote ya kipindi kile, mimi hunyamaza.

Kanda zenyewe zilikuwa na upana wa inchi mbili. Teknolojia hiyo waliileta Ampex wa Marekani mwaka 1956, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba inafutika. Kabla yake, ukitaka kuweka kipindi ilibidi uelekeze kamera ya filamu kwenye kioo na kukipiga picha, na filamu ukishaipiga picha haifutiki. Kanda unaifuta, unaanza upya. Kwa mhasibu huo ni muujiza. Ongeza na mikataba ya vyama vya wasanii na wanamuziki, iliyobana idadi ya marudio na kudai malipo kila mara, kwa hoja ya wazi kabisa: mkirudia ya zamani kila siku, sisi tutakula wapi? Ongeza na ujio wa rangi. BBC2 walianza rangi Julai 1967, BBC1 na ITV ya Uingereza wakafuata tarehe 15 Novemba 1969, na kuanzia hapo picha nyeusi na nyeupe ikawa kama wali wa jana mbele ya pilau. Nyumbani hakuna mtu aliyekuwa na deki. Kipindi cha chati kilikuwa gazeti la kufungia maandazi. Nani angetaka kutazama tena wimbo ulioshuka chati wiki tatu zilizopita?

Ufutaji huo BBC waliuacha mwaka 1978. Kufikia hapo hata Top of the Pops ya kwanza kabisa ilikuwa imekwenda, ile ya tarehe 1 Januari 1964 iliyorushwa kutoka kanisa la zamani lililogeuzwa studio, Dickenson Road, Manchester. Rolling Stones walikuwepo, mwimbaji Dusty Springfield alikuwepo. Hakuna kitu. Kipindi cha Juke Box Jury cha Desemba 1963, Beatles wote wanne wakiwa mezani kama waamuzi wa santuri za wenzao, nacho kimekwenda na maji.

Vilivyobaki ndivyo vinavyoninyima usingizi, kwa sababu karibu kila kimoja kilipona kwa njia isiyo na heshima.

Chukua Doctor Who, tamthilia ya BBC ya mzee asafiriye ndani ya wakati. Mwezi Mei 1965 waandishi wake walimpa mzee mashine ya kutazama mambo yaliyopita. Wanatazama hiki, wanatazama kile, mara wakajitokeza Beatles wakiimba Ticket to Ride, kipande kilichochukuliwa kutoka Top of the Pops. Kipindi cha Top of the Pops chenyewe kikafutwa. Tamthilia ikabaki, na ndani ya tumbo lake kile kipande kikabaki kizima, kama pete ndani ya samaki wa hadithi. Utani wa waandishi ulikuwa kwamba watu wa wakati ujao watawatazama Beatles kwa mashine ya ajabu. Nami nawatazama nikiwa Tanga, kitandani, kwenye kioo cha inchi sita.

Tamthilia hiyo nayo ilifutwa sehemu kubwa. Lakini kabla ya kufuta kanda, BBC walitengeneza nakala za filamu ya milimita 16 za kuuza nje, na wateja wake walikuwa pamoja na vituo vipya vya Afrika: Nigeria, Kenya, Uganda, Zambia. Filamu ilikuwa inaoneshwa kituo kimoja, kisha inasafirishwa kingine. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa zimepotea milele zimekutwa kwenye kituo cha televisheni Jos, Nigeria, zimekaa rafuni. Muziki haukuwa na bahati hiyo. Tamthilia inauzika Lagos na Nairobi mwaka mzima, lakini chati ya wiki ya London haina mnunuzi. Ndiyo maana mzee wa tamthilia alipanda meli na wapiga gitaa wakabaki bandarini.

Ready Steady Go! ni habari nyingine. Kilikuwa kipindi cha ITV, kilianza Agosti 1963 na kufungwa Desemba 1966, kila Ijumaa jioni. Kwa macho ya mtu wa kamera hakuna kipindi cha miaka ile kinachonifurahisha kama hiki. Studio yao ya kwanza, ghorofa ya chini pale Kingsway, ilikuwa finyu, kwa hiyo wachezaji, waimbaji na kamera vyote vilijazana mahali pamoja. Unaona kamera ya pili ikipita mbele ya mwimbaji. Unaona msichana anamkwepa mtu wa kamera huku anacheza na hakosi mdundo. Mtangazaji Cathy McGowan alikuwa binti wa rika la watazamaji wake, akikosea maneno anacheka na kuendelea. Mwaka 1965 wakaachana na pleibeki, na hapo ndipo utajua nani mwanamuziki. Sauti zinakwaruza. Gitaa linapishana na ufunguo kidogo. Nawapenda zaidi hivyo.

Dusty Springfield aliwapigania Wamarekani weusi wa Motown, kampuni ya santuri ya Marekani, mpaka wakapewa kipindi chao maalumu cha Ready Steady Go! mwaka 1965, yeye akiwa mwenyeji. Yapo mambo mengi ya kumsifia Dusty, sauti ikiwa ya kwanza, lakini mimi hubaki kutazama anavyosogea pembeni ili kamera iwapate wageni. Mastaa wachache wana adabu hiyo. Harusini huwa namtafuta mtu wa namna hiyo, na kwa kawaida ni dada wa bibi harusi.

Kanda nyingi za kipindi hicho nazo zilikwenda. Zilizosalia zilinunuliwa miaka ya 1980 na Dave Clark, mpiga ngoma na kiongozi wa Dave Clark Five, bendi iliyokuwa ikichuana na Beatles kwenye chati. Mpiga ngoma kanunua kumbukumbu za wapinzani wake! Alipotoa kanda za kuuza, bila shaka bendi yake haikusahauliwa. Simlaumu. Angekuwa mtu asiyejipenda, pengine asingenunua.

Majivuno yameokoa vingi. Niruke mpaka kidogo niingie mwaka 1973, maana huyu ni ndugu yangu wa kazi. David Bowie alikwenda Top of the Pops Januari mwaka huo akapiga The Jean Genie, na mpiga kamera John Henshall akatumia lenzi yake mwenyewe, ile inayoipinda dunia kama jicho la samaki. Aliipenda kazi yake, akaomba nakala, akaondoka nayo. BBC wakafuta ya kwao. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba Henshall alikuwa nayo miaka yote, wala hakujua kuwa ni ya pekee. Kwa hiyo kipande kile tunacho kwa sababu mpiga kamera mmoja alitaka kuonesha watu lenzi yake.

Wajerumani wao hawakuhitaji majivuno. Radio Bremen walianzisha Beat-Club Septemba 1965, wakazialika bendi za Uingereza moja baada ya nyingine, wakaweka kanda zao kabatini. Leo ukitaka kuwaona Waingereza wengi wa wakati ule, unapitia Bremen. Sina la kuongeza. Walitunza.

Lakini kipande ninachowaonesha vijana ninaowafundisha kamera ni cha tarehe 22 Agosti 1962. Watu wa Granada, televisheni ya Manchester, waliteremka na kamera zao kwenye klabu ya Cavern, Liverpool, handaki la matofali lenye joto, wakawapiga picha vijana wanne ambao nje ya mji ule hawakuwa na jina. Picha ina giza, sauti ni mbovu. Haikurushwa wakati ule, na ilionekana hewani pale tu Beatles walipokuwa tayari habari ya nchi nzima. Ringo, mpiga ngoma wao mpya, alikuwa na siku chache tu kwenye bendi, maana Pete Best aliyemtangulia alifukuzwa tarehe 16 mwezi huo huo. Basi wimbo unaisha, watu wanashangilia, na kutoka gizani sauti ya mtu inapaa: tunamtaka Pete!

Kila mpiga video wa harusi anaijua sauti hiyo. Maikrofoni ya kamera haina adabu. Unampiga bibi harusi anakata keki, na nyuma yako shangazi wawili wanasema yule wa kwanza alikuwa mzuri zaidi. Ukihariri unaweka muziki juu, shangazi wanazama. Granada hawakuweka muziki juu. Ringo alikuja kuwa mmoja wa wapiga ngoma maarufu kuliko wote, na mshabiki yule bado anapiga kelele gizani, hajaridhika hadi leo.

Vipande vingine navipita haraka. Pink Floyd, Mei 1967, wanapiga kwenye kipindi cha BBC cha watu wa vitabu na sanaa, kisha wanaketi mbele ya Hans Keller, msomi wa muziki aliyeikimbia Vienna mwaka 1938, naye anawauliza kwa nini lazima iwe kelele kiasi hicho. Anauliza kwa upole, kama mzee wa baraza aliyeletewa singeli. Wale vijana wanajibu kwa upole pia. Hiyo imebaki. Syd Barrett, mwimbaji wao, alivyotazama walipokwenda Top of the Pops miezi miwili baadaye, hayo yamefutwa, kikapatikana kipande kilichochakaa tu.

Na Januari 1969, Jimi Hendrix. Mmarekani, ndiyo, lakini bendi yake ilizaliwa London na wenzake wawili walikuwa Waingereza. Yuko kwenye kipindi cha mwimbaji Lulu cha BBC, moja kwa moja hewani. Anaanza Hey Joe kama ilivyopangwa, anaikatiza katikati, anasema watapiga kitu kwa ajili ya Cream, bendi iliyokuwa imevunjika karibuni, na anaingia kwenye wimbo wao. Muda unakwisha. Hendrix anaendelea. Mimi nikitazama pale simtazami yeye, nawafikiria watu wa chumba cha kuongozea, saa ukutani, kipindi kinachofuata kinasubiri. Harusini mtu wa namna hiyo anaitwa mjomba wa bwana harusi aliyepewa dakika mbili za nasaha.

Najua mnasubiri nimtaje mtoto wa Zanzibar, Freddie Mercury. Yeye alifika Uingereza mwaka 1964 na bendi yake, Queen, walionekana Top of the Pops mara ya kwanza mwaka 1974. Si wa leo.

Wa leo ni mjomba wangu, kaka wa mama. Mwaka 1966 alikuwa kijana wa shule, na televisheni hajaiona kwa macho. Nairobi walikuwa nayo tangu 1962, Kampala tangu 1963, Zanzibar wakaipata miaka ya 70 tena ya rangi, lakini sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo miaka ya 60 yote ya Waingereza ilimfikia kwa redio, masafa mafupi, inakuja na kuondoka kama mtu anayepiga hodi huku anaondoka. Sketi fupi za akina Cathy McGowan alizijua kupitia Dar es Salaam, pale Umoja wa Vijana wa TANU walipozipiga marufuku kuanzia Januari 1969. Aliijua marufuku kabla ya kuijua sketi.

Juzi nilikwenda kumjulia hali. Shikamoo, marahaba, chai, mihogo ya kukaanga. Nikamwonesha zile sekunde 92.

"Mbona hawasemi?"

"Hazina sauti, mjomba."

"Wanaimba nini?"

Nikamwambia wimbo ule, Paperback Writer. Akanitazama kwa dharau kidogo.

"Ule wa mpira?"

Ikabidi anieleze. Yeye na wenzake waliusikia redioni, Kiingereza chao cha darasani, na pale mwanzo zinapopanda sauti peke yake bila vyombo, wao walisikia *pepa, beki, raita*. Wakakubaliana kwamba Waingereza wamemtungia wimbo beki wao wa kulia. Ilikuwa mwaka wa Kombe la Dunia, tena kwao, tena walilichukua. Ilileta maana kabisa. Miaka sitini mjomba wangu amekuwa akiimba habari za beki wa kulia aitwaye Pepa.

Nikachukua simu ya mkewe, nikauweka wimbo, nikajaribu kuanzisha vyote pamoja, sauti huku na picha huku. Mara ya kwanza midomo ilichelewa. Mara ya pili sauti ilitangulia. Mara ya tatu, kwa sekunde kadhaa, vikashikana, na mjomba akaacha kutafuna.

Kisha akainama, akakaribia kioo.

"Simamisha hapo. Huyu. Gitaa lake limegeukia wapi?"

Alikuwa McCartney na besi yake.

"Ana mashoto, mjomba."

Akauinua mkono wake wa kushoto, ule ambao mwalimu aliufunga kwa kamba ya katani darasa la pili ili ajifunze kuandika na wa kulia, akauangalia kama ndiyo kwanza ameuona.

"Miaka yote hiyo," akasema, "na redio haikusema."